Noti inayokoroma

Najua nimepotea. Wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko, wapo waliosema nimeoa kimyakimya huko Tanga. Hamna hata kimoja. Nilikuwa nyumbani likizo nzima, nimerudi chuo wiki iliyopita, na kuna jambo limenikaa kifuani nimeona niliandike kabla madesa hayajanifukia.

Kwanza nimalize lile swali naloulizwa kila siku kwenye kimbweta: hivi wewe huko studio unafanya nini hasa? Huimbi, hupigi gitaa, prodyuza siyo wewe. Mshkaji mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza mbele za watu eti ni kweli nalipwa kwa kubonyeza vitufe. Ni kweli bwana. Nalipwa kwa kubonyeza vitufe, na bumu likiisha katikati ya muhula ndo hivyo vitufe vinaninunulia chipsi.

Kazi yenyewe ni kupanga sauti ndani ya kinanda. Watu wengi wanadhani kinanda ukishakinunua, sauti zake ni hizo hizo, kama redio na stesheni zake. Lakini sinthesaiza ni kama jiko. Viungo vimo, kupika ni juu yako. Mpiga kinanda anakuja na wimbo kichwani, anataka udi, ila siyo ule udi wa kiwandani unaolia kama bati la mvua. Yeye anajua kupiga, hataki kabisa kuingia ndani ya menyu. Mimi ndo naingia. Nakaa pembeni yake, yeye anasema "iwe nyembamba kidogo", "iwe kama inatokea chumba cha pili", "iwe na huzuni lakini isilie", na mimi natafuta huzuni isiyolia iko kwenye namba ipi. Sina studio wala ajira. Naitwa, napiga kazi, napewa changu, naondoka. Deiwaka, kama wanamuziki wa zamani walivyokuwa wakiitana.

Wenzetu wa nje kazi hii ina heshima zake. Malcolm Cecil na Robert Margouleff walikuwa na mtambo wa kujaza chumba uitwao TONTO, wakakaa nao na Stevie Wonder kwenye albamu zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970, Talking Book na Innervisions, yeye anapiga wao wanazungusha vishikizo, na majina yao yakaandikwa. Japani kuna Hideki Matsutake aliyefanya kazi hiyo na Yellow Magic Orchestra mpaka watu wakawa wanamwita mwanachama wa nne. Kwetu jina la mtu wa sauti haliandikwi popote, na mimi sijawahi kulalamika, maana nikishalipwa jina la nini? Suala la jina nimekuja kulifikiria mwaka huu, na wala siyo kwa ajili yangu.

Nilianza kwa bahati tu. Form six nimemaliza, nasubiri majibu, nashinda kwenye studio moja ya Ngamiani, chumba kimoja uani, ukutani wamebandika trei za mayai ili kuzuia mwangwi. (Trei za mayai hazizuii kitu cha maana, hilo nimekuja kulijua baadaye, ila zinampa msanii imani.) Pale palikuwa na Yamaha DX7 ambayo ndugu wa mwenye studio alitoka nayo Muscat. Kinanda cha mwaka 1983, yaani shikamoo. Kimefunikwa khanga pembeni kwa kuwa "kimekufa". Ukikiwasha kinawaka, ukibonyeza kinatoa milio kama redio isiyoshika stesheni. Fundi wa mtaani alishasema bodi imeungua. Nikaomba nikifungue. Nikakuta betri moja ndogo bapa, kazi yake kutunza kumbukumbu, imekwisha nguvu, na sauti zote 32 zilizokuwa ndani zimevurugika. Hakikufa masikini ya Mungu, kilisahau tu. Nikabadilisha betri, nikazitafuta sauti za kiwandani mtandaoni, nikazimimina kwa waya wa midi kutoka kwenye laptopu ya binamu yangu. Kikalia! Mwenye studio akanikumbatia, akanipa elfu kumi na tano na sahani ya pweza. Tangu siku hiyo nikawa "yule dogo wa sauti".

Nilipokuja kusoma uhandisi wa mawasiliano nikakuta kumbe DX7 inatengeneza sauti kwa FM, ile ile ya redio tunayoilalamikia kwenye mitihani. Wimbi moja linatikisa jingine. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aligundua miaka ya 1960 kwamba ukilitikisa wimbi taratibu unasikia sauti inayumba tu, lakini ukiongeza kasi ya kutikisa, ghafla hakuna kuyumba tena, panazaliwa sauti mpya kabisa, kengele, shaba, nyuzi. Yamaha wakachukua leseni. DX7 ina mawimbi sita ya namna hiyo na njia 32 za kuyaunganisha, na kioo kidogo cha kuonyesha herufi chache, kwa hiyo watu wengi duniani walikata tamaa wakabaki na sauti za kiwandani. Kukata tamaa kwao ndo ugali wetu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Tanga mnaijua kwa mkonge, kwa Mapango ya Amboni na kwa vijembe vya Wagosi wa Kaya. Wazee wetu wanaijua kwa taarab. Black Star na Lucky Star walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab, pwani nzima ikageuza shingo, Mombasa mpaka Burundi. Bi Shakila aliyefariki mwaka 2016 alitokea huko huko, na nyimbo za klabu hizo mbili zilikuja kutolewa London kwenye albamu iitwayo Nyota mwaka 1989. Unguja walikuwa na ganuni, fidla na kodiani zao, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Sisi tukawa na mtindo mwepesi wa kuchezeka. Halafu miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa, enzi za TOT na Muungano kurushiana mipasho, vinanda viwili vinabeba kazi ya watu kumi. Sisemi ni vibaya. Mimi ndo nakula humo.

Na msidhani kinanda cha Kijapani ndicho kigeni cha kwanza. Mombasa walikuwa wanapiga taishokoto zamani, chombo cha nyuzi chenye vibonye kama taipureta, kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912. Pwani haijawahi kuogopa chombo cha mtu.

Basi kuna kikundi kimoja cha taarab ya kisasa nyumbani, sitakitaja, kinapiga kwenye shughuli za Makorora, Mabawa, Chumbageni, mpaka Muheza na Pangani. Kikundi hiki kilikuwa na kitu ambacho wengine hawana: mzee wa kodiani. Mzee huyo ni kaka yake bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo kwangu ni babu. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na usiku na wikiendi alikuwa anapiga kodiani. Miaka arobaini na kitu. Kodiani yenyewe ndogo, vibonye 34 upande wa kulia, rangi nyekundu iliyofifia ikawa kama pera bivu.

Bosi wa kikundi akaniita mwanzoni mwa likizo. Tukakaa kwenye kahawa barabara ya nane, akaniagizia na kashata kabisa, nikajua hapa kuna jambo. Akasema mzee anachelewa. Mzee akipiga Pangani lazima atafutiwe pa kulala. Mzee akikohoa shughuli inasimama. Lakini sauti ya mzee watu wanaitaka. "Mdogo wangu," akasema, "huwezi kuichukua ile sauti ukaiweka kwenye kinanda?"

Nikamwambia naweza.

Ilitakiwa niseme nitafikiria. Ila mimi nilishaanza kufikiria maikrofoni iwekwe wapi! Hii kazi ina ulevi wake. Mtu akikuambia "unaweza" kichwa kinaondoka chenyewe. Na kodiani ni sauti tamu kwa mtu kama mimi. Ndani ya kila kibonye kuna vilimi vidogo vya chuma vinavyotikisika hewa ikipita. Kwenye kodiani kama ya babu vilimi viwili vinalia pamoja, navyo havilingani kabisa. Kimoja kikitikisika mara 440 kwa sekunde na mwenzake mara 443, sikio linasikia mtikisiko wa mara 3 kwa sekunde, ule mtetemo unaowafanya akina mama watoe noti za elfu kumi kwenye mikoba waende kutuza. Kwa FM ningehangaika mwezi mzima. Nikaona njia ya mkato ni kuinasa noti moja moja kwenye laptopu kisha kuitandaza juu ya vibonye vya kinanda. Bei elfu sitini. Tukakubaliana.

Babu nilimwambia tunajaribu maikrofoni mpya.

Naomba mlisome hilo mara mbili, mimi mwenyewe nimelirudia mara nyingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mjukuu wangu, akavaa kofia yake, akapanda bodaboda na kodiani yake mapajani kutoka Mabawa mpaka Ngamiani, akakaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili na nusu, anapiga noti moja moja kama mtoto wa chekechea, kwa sababu mjukuu wake kamwambia anajaribu maikrofoni. Feni tulizima ili isiingie kwenye rekodi. Jasho linamtiririka, anajifuta, anasema, "Hii maikrofoni yenu ina maswali mengi."

Alikuwa anavuta tu. Yaani kila noti anaanza mfuko umefungwa, anaufungua taratibu mpaka mwisho. Babu hauiti mvukuto, anauita pafu. Tulipofika karibu na katikati, kwenye noti moja hivi, pafu lilikuwa limeshafunguka na nikamwambia endelea tu babu, tusipoteze muda. Akasukuma. Noti ikakoroma. Siyo kidogo, ni kama mtu aliyelala chali. Akaacha hapo hapo. "Hiyo iache, turudie." Nikamwambia haina neno babu, tumeshaipata. Ukweli ni kwamba niliipenda. Nilijisemea hapa ndo penye utu, hii ndo kodiani kweli, siyo zile safi za kiwandani zinazolia kama hospitali. Nikaibakiza.

Bosi akampa babu elfu kumi "ya kahawa".

Wiki tatu baadaye kulikuwa na harusi Makorora. Turubai limekata mtaa, sare ya zambarau, spika mbili kila upande. Mimi nilikuwa karibu na mashine, niliitwa niangalie kama laptopu na kinanda vinaelewana. Babu hakualikwa kupiga, alialikwa kama jirani, amekaa na wazee wenzake upande wa pili wa barabara kwenye benchi na kikombe cha kahawa. Sikuwa na habari kama yupo. Mpiga kinanda akaanzisha wimbo mpya, na ile sauti ikatoka. Jamani ilitoka! Watu walipiga vigelegele kabla ya mwimbaji kufungua mdomo. Kule kwenye beti, kila mwimbaji akifikia kituo, kodiani inamjibu kwa vinoti vitatu vya kushuka, na cha mwisho ndo kile. Krrr. Nikawa nacheka peke yangu kwa raha. Nikageuka kutafuta mtu wa kumwonyesha raha yangu, nikamwona babu amesimama.

Hakuja. Aliweka kikombe chini, akavaa viatu, akaondoka.

Asubuhi nikaenda kwake. Nilipita Mkwakwani nikanunua mikate ya ajemi na maharage ya nazi, si unajua tena, mwenye kosa haendi mikono mitupu. Nikamkuta barazani, kodiani ipo magotini lakini hapigi. Nikaamkia, akaitika vizuri tu. Tukanywa chai. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusemwa kwamba nimemwibia, nimemnyang'anya riziki, na majibu nilikuwa nayo, kwamba kazi ni kazi, kwamba bosi angempata mtu mwingine. Hakusema hayo.

Alisema, "Mara kumi na sita."

Nikamuuliza nini babu.

"Jana umenikoromesha mara kumi na sita. Nimehesabu."

Halafu akanipa somo ambalo sijawahi kupewa kwenye ukumbi wowote wa mihadhara. Akaniambia kila kibonye kina vilimi vya kuvuta na vilimi vya kusukuma. Noti ni ile ile, lakini aliyeimba ukivuta siyo aliyeimba ukisukuma. Ile noti yake ya katikati, kilimi cha kusukuma kililegea miaka mingi iliyopita, alipokuwa bado reli. Hakukitengeneza, fundi hakuwepo, na baadaye hakuona sababu. Akajifunza kutokifikia. Akanionyesha. Akaanza kipande cha wimbo ule ule wa jana, taratibu, nikatazama mikono badala ya kusikiliza. Mistari miwili kabla ya ile noti alikuwa tayari ameanza kuibana hewa, anasukuma kidogo hapa, anapumua pale kwa kibonye cha pembeni, ili akifika pale pafu lianze kufunguka. Noti ikatoka safi, ndefu, kama mtu anayesema jina la mama yake. Akarudia mara ya pili, ya tatu. Kila mara anafika akivuta.

"Miaka arobaini na kitu," akasema. "Hata siku moja haijakoroma mbele za watu. Misiba, harusi, mikutano ya siasa. Hata siku nina homa. Wewe umeichukua ukaiweka palepale nilipokuwa naificha."

Nikasema maneno ambayo bado yananiwasha: nikamwambia babu, hakuna aliyejua.

"Mimi nimejua," akasema, akamimina chai nyingine.

Wadau, mimi nilidhani nimenasa sauti ya babu. Nilinasa kodiani. Babu alikuwa ni kule kuzunguka, ni ile mistari miwili ya kujiandaa ambayo kwenye rekodi yangu haipo, kwa kuwa nilimwomba noti moja moja. Halafu ile noti moja ambayo hakutaka kuitoa ndo niliyoitangaza mtaa mzima.

Akaniuliza walikulipa ngapi. Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema sitini. Akacheka sana, mpaka akakohoa. "Kumbe na mimi nina bei." Nikatoa thelathini zilizobaki nikamwekea kwenye mkeka. Akachukua ishirini, akanirudishia kumi. "Hii ya nauli ya chuo." Sikujua niseme nini. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananicheka.

Nikampigia jamaa yangu anayesoma sheria kule Mlimani. Akaniambia ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ipo COSOTA, na mtu anayepiga ala ana haki juu ya onyesho lake kurekodiwa. Nikamuuliza, noti moja ni onyesho? Noti 34 zisizo na wimbo ni onyesho? Kimya. Akasema atanirudia. Amenirudia juzi kwenye kimbweta na wenzake watatu, wakabishana mpaka saa sita za usiku, mmoja anasema wimbo hauna noti hata moja ambayo ni mali ya mtu, mwingine anasema basi niibie sauti ya koo lako tuone. Nilitoka pale na mbu tu. Ila kuna kitu kimoja hawakubishana: kwamba kumwambia mzee unajaribu maikrofoni ni uongo, na hilo halihitaji wakili.

Kwa bosi nilienda peke yangu. Nikamwambia sauti naibadilisha, na kila shughuli sauti hiyo ikitumika, mzee apate elfu kumi. Akanitazama kama nimemwomba figo. Akasema kuna dogo Dar ana kodiani tatu tayari kwenye flashi, anauza zote elfu ishirini. Nikamwambia achukue. Akachukua kweli! Wakapigia shughuli moja Pongwe. Mimi nilienda kusikiliza, nikajificha nyuma ya genge la mihogo kama mwizi. Na niwaambie ukweli, nilitegemea watu wazomee. Hakuna aliyezomea. Watu walicheza, walituza, pilau ikaliwa. Kodiani safi ya flashi, haina mtetemo wa babu, haina chochote, na bibi harusi alifurahi. Niliumia zaidi hapo kuliko Makorora.

Aliyekataa ni mwimbaji wao. Alimwambia bosi ile sauti mpya haimshiki, akifika kwenye kituo hakuna anayempokea. Mwimbaji ndo anayeleta pesa, kwa hiyo bosi akanipigia mwenyewe. Elfu kumi kwa kila shughuli, kwa mdomo, hakuna karatasi. Mpaka leo nimehesabu kwenye status zao za WhatsApp shughuli sita. Babu amelipwa mbili. Namkumbusha bosi kila Jumatatu, naye kila Jumatatu anasema kesho.

Siku nne za mwisho za likizo nilizimalizia barazani kwa babu. Safari hii nilimwambia ukweli, hii ni ya kuweka kwenye kinanda, bosi atatumia wewe usipokuwepo. Akasema kama ni hivyo tufanye vizuri. Tukarekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaamka, madirisha tumeziba kwa magodoro. Kila kibonye mara mbili, kuvuta na kusukuma. Nikapanga kinanda kiwe na pedali: mguu ukiwa juu unapata vilimi vya kuvuta, ukikanyaga unapata vya kusukuma, na ukikaa upande mmoja muda mrefu sauti inapungua yenyewe mpaka ugeuze, kwa sababu pafu haliwezi kufunguka milele. Wazo hilo ni la babu. Nilipomweleza kwamba DX7 ina tundu la kuchomeka kifaa cha kupuliza kwa mdomo ili pumzi iiendeshe sauti, alitikisa kichwa, akasema Wajapani walikuwa wameshafika mlangoni, wangebisha hodi tu.

Mpiga kinanda alilalamika. Anasema sasa lazima afikirie mguu. Babu akamwambia pole.

Tulipofika kwenye ile noti, akavuta, nikanasa. Nikamwambia sasa sukuma. Akakataa. Nikamweleza kwamba naweza kuchukua ile ya kuvuta nikaiweka pande zote mbili, hakuna atakayetofautisha, au naweza kuchukua noti ya jirani nikaipandisha kidogo kwa kompyuta. Akasema hapana, upande huo uache mtupu. Mtu akifika hapo anasukuma, asipate kitu, ajifunze kufika anavuta.

Kwa hiyo ziko sauti 67, siyo 68.

Jana usiku niko kwenye tatizo la Fourier, simu ikaita, mpiga kinanda yuko Muheza katikati ya shughuli, nyuma nasikia vigelegele. Anapiga kelele: "Dogo, kuna kibonye kimekufa!"

Nikamwambia hakijafa, rudi nyuma mistari miwili.